Sakitu ya Juni

Neno lenyewe niliandika ubaoni Jumatatu,
chaki ikinikatikia vidoleni kwa baridi.
Herufi yake ya pili Kiswahili hakina,
ndiyo ile niitumiayo kwa wino mwekundu
pale mtoto anapokosea.
"Maana yake, mwalimu?"
Nikasema, msisimko. Andikeni. Msisimko.

Kidato cha Kwanza B, Matamba, watoto hamsini na wawili,
masweta ya kufuma, pua zinazovuja,
hawakuridhika.
Zakaria Tweve akasema, si ni mzuka tu, mwalimu?
Mzuka, nikamjibu, ni wa kijiweni, na kabla ya hapo ulitoka kaburini.
Mwingine: kiherehere.
Darasa likacheka, maana kiherehere tunamjua kwa jina,
anakaa dawati la mbele.
Mwingine, kwa sauti ndogo: kimuhemuhe.
Hapo nilinyamaza kidogo.
Kimuhemuhe ni cha mama siku ya kupokea posa,
anafagia uwanja mara tatu,
sufuria anaiinjika, anaiipua, anaiinjika tena,
na wageni wenyewe bado wako Chimala wanasubiri gari.
Kimekaribia. Lakini mtihani hautaki kukaribia.
Nikarudi kwenye msisimko.

Ijumaa nikasahihisha insha.
Onoria Mbilinyi, sentensi tano, mwandiko wa kulala.
Ya tatu, nikiitafsiri jinsi ilivyo:
*Sakitu ilimpa mama msisimko mkubwa.*
Nikaweka ile herufi. Kubwa. Ikatoboa karatasi.
Pembeni nikaandika: Hili ni neno la furaha.

Mapumziko akaja, daftari kalikumbatia.
Hakubisha. Aliniambia tu:
mama alitoka alfajiri kwenda kutazama viazi,
ekari moja na nusu, mbegu ya mkopo.
Shamba lilikuwa jeupe, linang'aa, zuri hasa,
kama mtu kapita usiku akimwaga sukari.
Mama akasimama.
"Nikamshika mkono, mwalimu. Vinyweleo vyote vimesimama.
Mwili ulimsisimka, akawa hasemi.
Kamusi ya shule inasema hivyo hivyo. Niliangalia."
Saa nne jua likatoka, majani yakawa meusi.

Kamusi inasema hivyo hivyo.
Na mimi niliangalia.

Usiku ule nikakumbuka korido ya hospitali, Ikonda,
saa kumi ya usiku, muuguzi anakuja na viatu vya mpira,
hajafungua mdomo bado,
na mimi ngozi imenipanda toka kiunoni hadi kisogoni.
Ilikuwa baridi? Ilikuwa hofu?
Akasema ni wa kike. Nikacheka mpaka nikakaa sakafuni.
Lakini ngozi ilikwisha kutangulia,
haikungoja kuambiwa ni habari gani.

Jumatatu nikaliomba daftari la Onoria.
Wino mwekundu haufutiki. Nilijaribu kwa wembe,
karatasi ikachanika.
Nikaandika chini ya tundu, kwa penseli:
Waingereza hawasemi hivi.
Nikatazama. Nikaongeza:
Sisi tunasema.
Kisha nikamuuliza kama mbegu nyingine imepatikana.
Akasema bado.