Vidato Mia na Nane

Lifti ya jengo letu hula sarafu.
Tetri ishirini kupanda; kushuka ni bure,
kama ilivyo kwa mambo mengi hapa Tbilisi.
Tsiala hakuwahi kuilisha.
Alihamia mlango unaotazamana na wangu, ghorofa ya saba,
barafu ikiwa bado imeng'ang'ania vioo,
akapandisha maisha yake yote kwa miguu:
masanduku, cherehani,
mtungi wa plamu za chumvi ameupakata kama mtoto mwenye homa.

Nilidhani ni mazoezi. Nilidhani ni ubahili.
Nikamwambia, "Jirani, mimi ni fundi wa lifti. Hii ni nzima."
Akanitazama
kama mtu anavyomtazama mbwa aliyewahi kuuma mtoto wa wenyewe.
"Fundi naye ni mtu," alisema, akaendelea kupanda.

Basi nikaanza kupanda naye, na goti langu bovu.
Mimi na viazi vyake, yeye na maneno.
Ghorofa ya nne hunuka vitunguu vya kukaanga
hata saa sita usiku; hatukujua nani hula saa hizo.
Ghorofa ya tano alinishika mkono, kwa kuwa taa ilikuwa imeungua.
Ghorofa ya sita taa ilikuwa nzima,
na hakuuachia.

Ilipofika Mei funguo zake zilikuwa mfukoni mwangu,
na vidonge vyangu vya presha dirishani kwake, kando ya nyuzi.

Jioni moja, akikata kitambaa, hajainua macho,
akataja mtaa. Gldani, jengo la kumi na nne, mlango wa pili.
Akataja mwaka. Akamtaja Ramaz, mumewe,
aliyetoka kununua mkate,
"na lifti ikashuka zaidi ya alivyoiomba."
Mkasi haukusimama: kacha, kacha.
"Wiki tatu kabla, mtu aliikagua. Akaweka saini."

Saini yangu ina mkia mrefu; mama alikuwa akiicheka.
Siku ile mvua ilinyesha, nilikuwa na majengo tisa,
shimo la lifti limejaa maji, buti zangu zimetoboka.
Niliandika *kebo nzima* nikiwa mlangoni,
nimeikumbatia karatasi isilowe.
Karatasi haikulowa.
Mahakama ilimfunga mwenye kampuni.
Jina langu lilikuwa ukurasa wa arobaini na kitu,
na hakuna aliyefika huko.

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema,
nami nilikuwa nimevaa shati alilonishonea yeye.
Siku kumi na moja nililivaa.

Nilimwambia kwenye kidato cha sitini na tatu,
kati ya ghorofa ya nne na ya tano,
mahali pasipo na mlango wa mtu.
Sikutaja mvua. Sikutaja buti.
Nilisema: ni mimi.

Aliuchukua mfuko wa viazi mkononi mwangu, polepole,
kama unavyomnyang'anya mtoto glasi.
Akageuka, akashuka. Nikamfuata mpaka chini kabisa.
Pale akafungua pochi,
akailisha lifti sarafu yake ya kwanza.
"Ingia," alisema.

Niliingia. Mlango ukafungwa, yeye nje.

Fundi husikia: hii ni reli, hii ni kufuli,
huu ni mguno wa ghorofa ya pili, ni wa siku zote.
Na hivi, nyuma ya ukuta, ni visigino vyake
vikilizunguka shimo, vikipanda.

Saba. Nikatoka,
nikasimama katikati ya milango yetu miwili, mikono mitupu,
nikihesabu.
Hamsini na nne: harufu ya vitunguu.
Sitini na mbili. Sitini na tatu.
Hapo hatua zikanyamaza.

Taa ya ngazini hujizima baada ya dakika moja.
Ikajizima.
Swichi ilikuwa karibu na bega langu.