Ufunguo kwa Muuza Chipsi

Ufunguo wa kanisa la Mtakatifu Barbara
unaning'inia msumarini kwa muuza chipsi,
kati ya kalenda ya mwaka juzi na chupa ya siki.
"Urudishe kabla ya saa mbili," anasema Léontine,
macho yake hayatoki kwenye mafuta yanayochemka.
"Na usipande roshani ya kinanda. Mbao zimeoza.
Sitaki kuitwa polisi kutambua maiti ya mgeni."

Hili ni kanisa langu la kumi na tisa.
Nimeshayazoea, kama daktari azoeavyo magoti:
kwanza huziba mfereji wa paa,
kisha unyevu hushuka ukutani polepole
kama mtu aliyechelewa misa anatafuta kiti,
kisha askofu huandika barua.

Hapa Borinage vilima havikuumbwa.
Vilitolewa ardhini kwa ndoo
na Waflemi, na Wapolandi, kisha na Waitalia;
mashimo yakafungwa, vilima vikabaki,
vikaota miti.
Kanisa lenyewe limeinama upande wa kushoto.
Chini yake hapana kitu.

Mlango unakohoa.
Nafungua lenzi, nahesabu sekunde nane.
Barbara hana mkono wa kulia,
ila mnara wake ameukumbatia kwa huo uliobaki.
Ubao wa nyimbo bado unasema 112, 47, 8:
misa ya mwisho,
watu kumi na mmoja, kwa hesabu ya Léontine,
na mbwa.

Napiga. Napiga tena.
Gofu lina adabu: halipepesi,
haliulizi picha yake inakwenda wapi.

Kisha kitubio kikaguna.
Sauti ya koo, laini,
kama mtu aliyeghairi dhambi yake katikati ya sentensi.
Navuta pazia: gunia la mahindi,
ndoo, kopo,
na jicho la rangi ya chungwa linanitazama kwa upande.

"Huyo usimpige."

Mzee amevaa koti la kazi, nyuma yangu.
Kazimierz Wojtala, miaka ishirini na saba mgodini;
akipumua, kifua kinapiga filimbi.
"Madhabahu piga upendavyo. Piga paa.
Lakini manispaa wakiwaona hawa
kesho asubuhi wako hapa na makaratasi."

Sakristia ina njiwa arobaini na wawili.
Kabati la kanzu limegawanywa vitundu,
na zambarau ya Kwaresima
ni pazia la mama anayeatamia.
Ijumaa huwapakia kwenye lori la chama, hadi Ufaransa.
Jumapili husimama mlangoni, saa mkononi,
shingo juu, hasemi na mtu.
"Huyu katoka Orléans, hakumaliza hata asubuhi.
Na yule wa kijivu hakurudi. Mwaka wa pili sasa."
Kitundu cha yule wa kijivu kina maji safi.

Nikamuuliza njia wanaijuaje.
Filimbi ikalia kabla ya jibu; alikuwa anacheka.
"Kengele waliiuza," akasema. "Mnara hawakupata mteja."

Jua likaingia kwa kioo kilichovunjika
likamshukia ndege mmoja juu ya kisima cha ubatizo,
anakunywa,
na kidole changu kilikuwa tayari kwenye kitufe.

Nikafunika lenzi.

Nje nilipiga vilivyokuwepo.
Mvulana anasugua baiskeli kwa mswaki.
Shuka tatu na suruali moja, hakuna upepo.
Mama Calogera, wa Sisilia, anamenya maharage kizingitini;
aliniomba ningoje akavue aproni,
akaingia, nikangoja,
akatoka na aproni nyingine, iliyopigwa pasi.

Saa mbili kasoro dakika nne nikarudisha ufunguo.
Léontine akafuta mikono, akanitazama bega.
"Una unyoya," akasema.
Akauchomoa, akautia mfukoni mwake,
akaniuliza kama nataka chumvi.