Kasha la Kioo

Mnada wa tatu ulipofungwa Tandahimba
baba alihesabu, akahesabu tena,
akanisukumia bahasha juu ya mkeka.
"Hii yako, Somoe. Mikorosho arobaini umeipulizia salfa peke yako.
Usije ukaniuliza ununue nini."

Sikumwuliza.

Dadi, kaka yangu, fundi simu pale stendi,
alinisihi siku tatu:
nunua vipande, tuunge wenyewe,
bodi kwa huyu, feni kwa yule, kadi ya mtumba,
laki tatu itabaki mfukoni.
Nikamwambia, mwaka wa pili huu
pikipiki yako iko uani, inaungwa.
Kuku katotoa ndani ya kava la injini.
Mimi nataka iliyokwisha kuungwa.
Nataka kubonyeza tu.

Milioni moja na laki nane, kwa simu, hadi Kariakoo,
kwa mtu nisiyemjua ila sauti,
aliyenitajia prosesa kama anayetaja ukoo wa bibi harusi,
kumbukumbu gigabaiti kumi na sita,
kisha kadi ya michoro, na hapo akanong'ona:
"Hii, dada, gemu lolote itakuendeshea."
Nikatuma. Nikatazama salio.
Mimi karani wa chama cha msingi, naijua mizani
inavyorudi sifuri gunia likishushwa.

Siku mbili. Basi lilikwama Somanga, likakwamuka.
Kondakta akanikabidhi kasha lililoandikwa KIOO kwa kalamu ya mkono,
na juu ya neno lenyewe, unyayo wa kiatu.
Nikapanda bodaboda nimelipakata
kama mtoto anayepelekwa zahanati.

Mama akauliza, friji dogo hivi linagandisha nini?
Nikabonyeza.
Feni zikazunguka, taa zikawaka ndani ya kioo,
nyekundu, kijani, zambarau,
duka la nguo usiku wa kuamkia Idi.
Skrini nyeusi.
Nikazima, nikawasha.
Nyeusi tii.

Sauti ya Kariakoo ikasema, irudishe, dada, dhamana ipo.
Niirudishe kwa barabara ileile?

Dadi hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma.
Alitoa bisibisi mfukoni, akanipa mimi.
"Cha kwako. Fungua."
Nikafungua nilicholipia nisikifungue.
Ndani, kadi ya michoro imechomoka kwenye nafasi yake,
imeegemea feni
kama mlevi begani mwa jirani msibani.
Nikaisukuma. Ikakataa.
Nikaisukuma kwa woga.
"Kaza mkono, haifi."
Ta.
Kasauti kadogo, ka korosho ikikubali kubanguka.

Skrini ikaamka.

Usiku ule niliendesha lori kwenye theluji
mpaka baba akaja kusimama mlangoni na redio yake.
"Limebeba nini hilo?"
Mbao, baba.
"Za nani?"
Sijui. Nalipwa nikifika.
Akatazama kitambo, redio ikikwaruza.
"Barabara yao nzuri," alisema.
"Ila kwenye kona punguza."

Nikapunguza.
Na hapo hapo umeme ukakatika,
mtaa mzima ukaguna kwa sauti moja,
feni zikapungua, zikapungua, zikanyamaza.
Gizani baba akauliza, "Limefika?"
Bado.
"Basi kesho," akasema, akaenda kulala
kama mtu mwenye mzigo njiani.

Mwezi wa tano salfa ikianza kupeperuka
nitalifunika kwa shuka, nizibe na dirisha.
Bisibisi ya Dadi ninayo, hajaidai.
Na ipo skurubu moja tuliyoikuta chini ya kasha.
Tumekagua matundu yote, hatuoni ya wapi.
Nimeiweka kwenye kikombe kilichovunjika mkono.
Mashine inawaka bila yake,
nami kila nikibonyeza
nakitazama kwanza kile kikombe.