Mlango wa Pili

Mlinzi wa kanisa pale Jericho
alinionyesha kwa kidevu:
"Kule nyuma, mlango wa pili."
Nikahesabu vibaya.
Nikaingia kwenye kamati ya harusi,
nikaketi, nikaahidi shilingi mia tano
kwa bibi harusi nisiyemjua,
maana kuuliza kungekuwa kukiri.

Mlango wenyewe ulizuiwa kwa tofali.
Viti tisa vya plastiki,
kimoja kimefungwa mguu kwa waya.
Birika la chai.
Hakuna aliyeninusa.

Kerubo, muuza mitumba wa Gikomba,
alisimulia chupa alizofukia ndani ya pipa la unga,
na jinsi mwanawe alivyojifunza
kupima hatua zake kwa sikio
kabla ya kumfungulia.
Hakulia. Sisi ndio tulioinamia sakafu.

Zamu yangu ilipofika
nilisema, "Naitwa Makokha,"
yaliyobaki yakagoma kutoka,
kama ufunguo uleule, saa tisa usiku,
unaotafuta tundu la kufuli na kulikosa.
"Kwa leo yatosha," akasema Kerubo,
akaniongezea chai, sukari bila kipimo.

Siku hizi kila Jumanne nawahi.
Napanga viti. Kile kibovu nakikalia mwenyewe.
Siku arobaini na moja. Sijigambi,
usiku bado ni mrefu, na duka la kona
bado linalijua jina langu.

Juzi kijana mmoja alisimama kizingitini,
peremende shavuni, mikono mifukoni:
"Samahani, hapa ndipo penye kamati ya harusi?"

Nikamvutia kiti.