Kielelezo Namba Saba

Mimi ni karani wa ghala la vielelezo, Milimani.
Nimepokea mapanga, kutu na isiyo kutu,
magunia ya bangi yanayopungua uzito usiku,
injini ya pikipiki, godoro, meno ya bandia.
Mzinga, sikuwahi.

Waliuleta watu sita kutoka Mau,
wakashuka nao Nyamakima alfajiri,
wakapanda nao kilima kwa mabega
maana mwenye mkokoteni alitaka mia nane.
Gogo la mtarakwa, limekombwa ndani likawa koo.
Nikapima: futi nne, inchi tano.
Nikafika safu ya *Mwenye mali*, kalamu ikasita.

"Wa nani?"
Wakatazamana. Tabutany Leboo akasema:
"Aliyeuchonga ni babu wa huyu.
Aliyeupandisha mtini, mjomba wa yule.
Moshi huwasha mwenye zamu.
Sega la kwanza ni la mwenye mimba, awe wa mlango wowote.
Sasa wewe, utaandika nani?"
Kisanduku kina upana wa vidole viwili.
Nikaandika: *Wao.*

Kamba ilikuwa imekatika njiani.
Wakaketi ukumbini, nje ya chumba namba tisa,
wakatoa mfukoni gome la silibwet, bado bichi;
mmoja akachana, mmoja akasokota juu ya paja,
mmoja akaibana ncha kwa meno.
Askari akasema hapa si mahali pa kazi.
"Ni mahali pa nini?" Sigilai akamuuliza, kwa upole kabisa,
na askari akajikuta ameshika upande wa pili wa kamba.

Ndani, wakili wa kampuni akaomba hati.
Akatandaza ramani: kijani kitupu, hakuna mtu.
Sigilai akaweka kidole:
hapa hadi hapa, ukoo wetu; ng'ambo ya kijito, wao.
Silibwet ikichanua nyuki hupanda, nasi tunapanda.
Ua likikauka wanateremka. Tunateremka.
"Bwana Jaji, huo ni ushahidi wa nyuki,"
na ukumbi ukacheka.
Jaji hakucheka. Akatazama saa.

Kesi iliahirishwa.
Misumeno haikuahirishwa.

Kabla ya kuondoka Tabutany alisugua mdomo wa mzinga
kwa nta na jani ambalo hakunitajia.
"Dirisha lipi linatazama miti?"
Lipo moja, kioo chake kimevunjika tangu enzi za bosi wa zamani.
"Uweke hapo. Mdomo nje."
Kwa utaratibu, namba saba hukaa rafu ya chini, ukutani mwa choo.
Niliuweka dirishani.

Sijui kwa nini. Mimi napanga Kangemi,
sijawahi kuuliza chini ya sakafu yangu palikuwa na nani.
Mji huu jina lake ni maji baridi,
la watu walionywesha ng'ombe hapa.
Jina liliachwa. Ng'ombe wakasukumwa.

Mwezi wa kumi mijakaranda ikamwaga zambarau
hadi juu ya magari ya mawakili.
Walikuja watatu kwanza,
wakakagua, wakatoka, wakarudi,
kama wapangaji wasiomwamini dalali.
Jumatano, saa saba mchana, wakaja wote.
Nilikuwa nakula chapati. Niliiacha.

Nilipaswa kuita mtu wa dawa.
Nilifunga mlango, nikabandika karatasi:
*Ukaguzi unaendelea.*
Na kweli nilikagua. Kila jioni, sikio kwenye mtarakwa,
nikisikia kazi isiyo na msimamizi.

Leo kesi inatajwa tena.
Nimefungua daftari. *Hali ya kielelezo*:
mwezi wa tano niliandika *kitupu*.
Nimekata neno kwa rula, inavyotakiwa,
nikatia sahihi pembeni, nikaandika juu yake:
*kinakaliwa.*

Tabutany ameingia bila hodi,
safari hii wako wanne; sikuuliza wawili wako wapi.
Ameweka kiganja juu ya gogo, amekiacha hapo muda mrefu.
"Wamefika lini?"
Nimemwambia siku na saa.
Amesema, "Iandike hiyo pia."