Kimea

Kila dakika sita na ushee mashine yangu inaapa.
Iko stoo, kati ya debe la mafuta ya alizeti
na baiskeli ya Ndeshi isiyo na tairi la nyuma;
kisanduku tu, hakizidi Biblia ya madhabahuni,
na neno lake ni moja: nipo, nimeona, nathibitisha.
Maelfu ya wenzake, sijui wanakaa wapi,
wanasikia, wanaandika, wanalipa.
Malipo yenyewe, ukiyageuza shilingi,
ni nusu mkate kwa siku.

Mimi fundi friji, Pasua.
Mchana nasikiliza kompresa za watu,
usiku nasikiliza feni yangu.
Simu nimeifundisha kutetemeka mfukoni
kiapo kikikosekana. Ikitetemeka kanisani
natoka mbio kama mwenye tumbo la kuhara,
mzee wa zamu ananitolea macho.

Daftari nalijaza Jumapili jioni:
viapo vilivyofika, vilivyochelewa, vilivyopotea.
Machi, tisini na tisa nukta mbili.
Aprili, mvua, nguzo ikalala barabarani Njoro:
tisini na saba. Hiyo naielewa.
Betri mbili za lori zilinishikia saa tano
halafu zikaniaga pamoja.
Babu alipokosa zamu ya kuzibua mfongo
walimtoza mbege, debe zima,
na jioni walikuja kuulizia kama anaumwa.
Mimi nilikatwa tone.
Hakuna aliyeuliza.

Lakini Juni.
Juni umeme haukukatika hata mara moja.
Ukungu ulikaa juu ya mji, mlima tukausahau,
na namba ikateremka ngazi kwa ngazi,
tisini na sita, na tano, na nne.
Viapo havikupotea. Vilichelewa,
kama shahidi anayefika mahakamani anahema
karani ameshafunga faili.

Nikabadili waya. Nikabadili kampuni ya intaneti.
Nikamshuku Ndeshi na katuni zake, nikamwomba radhi.
Binamu yangu Eliufoo akapiga kutoka Sakina, Arusha:
"Nipe nakala ya ufunguo, niwashe nyingine huku.
Ya kwako ikisinzia, ya kwangu itaitika."
Nikamwambia hapana, Eli.
Anayechelewa hukatwa tone;
anayeapa kwa vinywa viwili hung'olewa na mzizi.
Akacheka. Sikucheka.

Jumanne, saa tisa usiku,
joto la mashine likasoma themanini na tisa.
Nikaingia stoo na tochi ya simu.
Juu ya mashine, sinia.
Juu ya sinia, gunia bichi.
Chini ya gunia, ulezi,
umetoa vimizizi vyeupe
kama meno ya mtoto yanayoanza.

Mama mkwe. Alishuka kutoka Marangu kutibiwa goti,
akatafuta nyumba nzima pahali penye joto
na akapapata.
Wiki tatu. Hakuuliza kitu kile ni nini.

Asubuhi nikamwonyesha namba kwenye simu.
Akaitazama kwa adabu, kama picha ya mtoto wa jirani.
"Tisini na nne kwa mia," akasema, "na bado unalalamika?
Siku ile ulipoizima kupangusa vumbi
kimea changu hakikuota hata nusu."

Nimempigilia kichanja cha waya,
shubiri mbili juu ya tundu la feni.
Joto linapanda, hewa inapita.
Leo ni tisini na nane nukta nane.
Nimelala chali, simu kifuani,
viapo vinaingia kimoja kimoja, kijani, kijani,
na nyuma ya ukuta namsikia anaamka,
anaburuta goti,
anafungua mlango wa stoo polepole asiniamshe,
anaingiza mkono chini ya gunia,
anapima.