Mafundo Matatu

Septemba, usiku, watoto wamelala,
Mhina alichomoa mfukoni uzi wa mkonge
aliookota ghalani, ule unaokwaruza kiganja,
akaulaza kwenye unyayo wa Akwilina, akapiga fundo,
kwenye wa Kibua, fundo,
kwenye wa Dismasi, aliyerusha teke ndotoni,
na fundo la tatu likakaa upande.

Asubuhi uzi ukaenda Ngamiani
kwa Mbarouk Swalehe, muuza viatu,
mtu wa daftari na kalamu nyuma ya sikio.
"Lipeni polepole. Viatu havili, havinywi,
vitawasubiri hapo juu."
Tukaviona vikipanda rafuni ndani ya mfuko mweusi,
juu yake chaki: BABA AKWILI.

Oktoba tulilipa elfu nane.
Novemba meli haikuja, marobota hayakubebwa,
tukalipa elfu mbili, na salamu.
Desemba nilikaanga bagia hadi mafuta yakanijua jina.
Kibubu nilikipasua kwa mchi,
sarafu zikatambaa chini ya kitanda kama kaa.
Dismasi alizifuata kwa magoti, anaimba,
hajui kwamba anaokota soli.

Januari usiniulize.
Januari imeshafika, imekaa uani, imekunja nne,
ina madaftari, ina sare, ina mchango wa dawati,
inangoja tu wageni waondoke.

Mkesha, Mbarouk akashusha mfuko, akapuliza vumbi,
akapiga rula juu ya jina letu.
"Msinisahau kwenye sinia," akasema,
tukacheka, maana kila Idi yake
pilau hufika kwetu kabla hajala yeye.

Dismasi alikanyaga, taa za kisigino zikawaka,
nyekundu, nyekundu;
buluu ya kushoto iligoma.
Hakujali. Akazima taa ya chumba ili tumwone vizuri.
Kibua alivaa vyake, akalala navyo.
Akwilina alivaa. Akasimama. Akanyamaza kidogo.
"Vimenitosha, mama."

Niliinama, nikabonyeza ncha kwa kidole gumba.
Kidole chake kilikuwa kimefika zamani,
kimejikunja
kama mtu aliyekuta mlango umefungwa.

Uzi wako haukusema uongo, mume wangu.
Mkonge haurefuki.
Ni mguu tu uliokua huku tunaulipia,
sisi nyuma, wenyewe mbele.
Namba kubwa ipo, Mbarouk anayo,
inataka elfu saba juu,
na zile elfu saba zilikwisha kuwa mchele.

Asubuhi alitutangulia njia ya kanisani
akitembea kama anavuka makaa yaliyomwagika,
akitabasamu kwa kila anayesema,
"Hee, Akwili, umependeza!"
Miaka kumi na mmoja.
Nani alimfundisha kutubebea robota?

Penye kona ya ukuta nilimvuta.
Nikavua vyangu, vyeusi, vya harusi ya wifi,
nikasokota leso, nikaijaza kwenye ncha.
"Na wewe?"
"Khanga yangu inafika chini."

Niliingia peku. Sakafu ilikuwa baridi,
na sitadanganya, ilikuwa tamu,
baada ya siku zote zile za kusimama jikoni.
Mbele, kwenye kibanda cha makuti,
mtoto wa udongo amenyoosha miguu hewani.
Mamajusi wameleta walicholeta;
hakuna aliyempima unyayo.
Nilimtazama mama yake. Hatukusemezana.

Mhina aliiona miguu yangu.
Akatia mkono mfukoni, akatoa uzi,
akautazama,
akaurudisha.

Padri alipotuinamisha tuombe, nilifungua jicho moja:
gizani, chini ya benchi,
nyekundu, nyekundu,
kisha mahali pa buluu.